Usingizi, Makao na Afya ya Moyo

Mtu akiugua moyo, jamaa zake huuliza alikuwa akila nini, na pengine huuliza kama baba yake au babu yake aliugua vivyo hivyo. Ni wachache waulizao alikuwa akilala katika nyumba ya namna gani, akilala saa ngapi, na akilala akiwa na mawazo gani. Lakini maswali hayo nayo yana maana kubwa. Siku hizi matabibu wanajua ya kwamba moyo huharibika au hutengenea usiku kama vile mchana, na ya kwamba mahali alalapo mtu, pamoja na watu wanaomzunguka, huwa na sehemu katika jambo hilo. Katika makala hii twataka kuwaeleza wasomaji wetu wa Mukurweini, na wa miji yote iliyo chini ya Mlima Kenya, jinsi mambo hayo yanavyofungamana, na yale ambayo kila mwenye nyumba aweza kuyafanya bila gharama kubwa.

KAZI YA MOYO WAKATI WA USIKU

Moyo ni kama pampu ya nyama isiyosimama. Katika siku moja, mchana na usiku, hupiga mara 100,000 hivi. Wakati wa mchana, mtu apandapo kilima kutoka mtoni na mtungi wa maji, au abebapo gunia la kahawa kwenda kiwandani, moyo husukuma damu kwa nguvu nyingi. Usiku hali hiyo hubadilika. Mtu akilala vizuri, mapigo hupungua, mishipa ya damu hulegea, na shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, hushuka kwa kiasi cha sehemu 10 hadi 20 katika kila 100. Saa hizo ndizo likizo ya moyo, wala haina likizo nyingine.

Sasa tumfikirie mtu ambaye likizo hiyo hukatizwa kila usiku. Kelele humfikia masikioni hata akiwa usingizini, kwa maana sikio halifungwi kama jicho. Ubongo hupokea kelele hiyo kama habari ya hatari, na mara moja huamuru mwili ujitayarishe. Maji ya mwili yaitwayo homoni humwagika katika damu, moyo huenda mbio na mishipa hubana. Pengine mtu huyo haamki kabisa, na asubuhi hakumbuki kitu, ila huona uchovu asiojua sababu yake. Jambo hilo likitokea usiku mmoja halina madhara makubwa. Likiendelea kwa miaka, presha huzoea kukaa juu, mishipa huwa migumu, na mwisho wake waweza kuwa kiharusi, au moyo kushindwa kazi.

Ni kwa sababu hiyo mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza usingizi katika orodha yake ya mambo manane yalindayo moyo, pamoja na chakula bora, kuutumia mwili, na kuacha tumbaku. Mtu mzima huhitaji kulala saa 7 hadi 9 kila usiku.

MAHALI HUBADILI DAMU

Huenda msomaji akauliza, je, kweli makao ya mtu yaweza kubadili damu yake? Ushahidi mzuri wa jambo hilo ulipatikana hapa hapa Kenya.

Mwaka 1929 tabibu aitwaye Donnison, aliyefanya kazi upande wa Kisii, alitangaza habari za watu 1,000 aliowapima presha. Kwa Wazungu wa kwao ilijulikana ya kuwa presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Lakini kwa wenyeji wale aliowapima hakuona jambo hilo. Wazee wao walikuwa na presha ya chini, na ugonjwa wa presha haukuonekana hospitalini mwake.

Miaka mingi baadaye, tabibu Neil Poulter na wenzake waliwafuata Waluo waliotoka vijijini upande wa magharibi kuja kukaa Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, na matokeo yakatangazwa mwaka 1990. Watu hao walikuwa wa kabila moja na wa nchi moja, lakini wale waliohamia mjini presha yao ilikuwa imepanda kuliko ya wale waliobaki, tena ilipanda katika miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini. Mkojo wao ulionyesha kuwa walikula chumvi nyingi zaidi, na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika matunda na mboga, yalikuwa yamepungua. Mapigo ya moyo nayo yalikwenda kwa haraka zaidi, na wachunguzi walidhani ya kuwa huenda neva za mwili zilikuwa zimeamshwa na maisha mapya. Wazazi wa watu wale hawakubadilika, wala damu ya kabila haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali na desturi.

Jambo hilo lawahusu watu wa Mukurweini pia. Vijana wengi wa vilima hivi huenda kutafuta kazi Nairobi, Thika na Nyeri. Tena siku hizi mji wenyewe umepanda hadi vijijini. Taa za umeme, muziki wa baa, pikipiki za usiku, na chakula chenye chumvi nyingi kilichotiwa katika pakiti, vyote vimefika mlangoni. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2015 ulikuta ya kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na presha ya juu, na ya kwamba zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepimwa hata mara moja. Presha haina maumivu, nayo humjia mtu kimya kimya kama mwizi wa usiku.

NYUMBA, MOSHI NA BARIDI

Nyumba ya Mkikuyu ya zamani ilikuwa ya mviringo, yenye moto katikati na paa la nyasi. Moto ule ulipika chakula, ukatoa mwanga, ukafukuza baridi, na wanyama wadogo walilala humo pamoja na watu. Leo nyumba nyingi ni za mbao, mawe au matofali, nazo zimeezekwa kwa mabati. Lakini jiko la mafiga lingali linawaka katika majiko mengi, na moshi wake ungali ule ule.

Moshi wa kuni haudhuru macho na mapafu peke yake. Chembe zake ndogo sana hupenya mapafu, zikasumbua mishipa ya damu, na presha ikapanda. Huko Mpala, katika nchi ya Laikipia upande wa Nanyuki, wachunguzi walipima moshi ndani ya nyumba kwa muda mrefu, wakatangaza matokeo yao mwaka 2000 na 2001. Waliona ya kwamba wanawake hupata moshi mwingi kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa karibu na moto saa zile moshi unapokuwa mzito kabisa. Waliona pia ya kuwa kadiri moshi ulivyozidi, ndivyo maradhi ya kifua yalivyozidi. Na katika nchi ya Guatemala, huko Amerika ya Kati, wanawake walipewa majiko yenye dohani ya kutolea moshi nje. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa presha yao ilikuwa chini ya ile ya wenzao waliopikia moto wa wazi, kwa kiasi cha vipimo 3 au 4 hivi. Hawakupewa dawa yoyote. Walipewa jiko tu.

Baridi nayo ni adui wa moyo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hufunika vilima vya Nyeri, na jua huenda lisionekane siku kadha wa kadha. Mwili ukipata baridi, mishipa iliyo karibu na ngozi hubana ili kuhifadhi joto, na presha hupanda. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba katika nchi za baridi joto la ndani ya nyumba lisipungue nyuzi 18. Wazee ndio hudhurika zaidi, kwa sababu miili yao haishiki joto kama ya vijana.

Lakini hapa pana hatari ambayo hatuna budi kuitaja kwa nguvu. Watu wengi, wakikimbia baridi hiyo, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango na madirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika mahali pa oksijeni katika damu, nao moyo na ubongo hukosa chakula chao. Mtu husikia kichwa kizito, akadhani ni usingizi mwema, kisha hasiamke tena. Jamaa nzima zimepotea kwa njia hiyo katika miezi ya baridi. Blanketi la pili, soksi, na ufa uliozibwa kwa udongo ni ulinzi bora kuliko jiko la makaa ndani ya chumba.

KELELE NA MWANGA

Msomaji akaaye kandokando ya barabara kuu ipitayo Karatina, au karibu na soko la mji huo ambako wachuuzi hufika na mizigo yao kabla ya kupambazuka, ajua vizuri kelele za usiku. Katika bara la Ulaya, ambako jambo hili limechunguzwa sana, imeonekana ya kwamba watu wakaao penye kelele nyingi za magari usiku huugua moyo zaidi kuliko wakaao penye utulivu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kelele za usiku nje ya nyumba huko Ulaya zisizidi desibeli 40, yaani kiasi cha mazungumzo ya sauti ya chini. Mwaka huo huo Kenya nayo ilitangaza kanuni za kuzuia kelele chini ya sheria ya mazingira. Basi mwenye baa apigaye muziki hadi alfajiri hawanyimi jirani starehe peke yake. Huwanyima pia mapumziko ya moyo.

Mwanga nao una kazi yake. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iletayo usingizi. Taa kali, na hasa mwanga wa simu iliyoshikwa karibu na macho, huchelewesha homoni hiyo. Zamani watu walikaa karibu na moto baada ya chakula, wakitega vitendawili na kusimulia hadithi. Moto ule ulikuwa na mwanga hafifu, nayo mazungumzo yalituliza moyo. Simu huleta mwanga mkali pamoja na habari za kushtua, na vyote viwili humfukuzia mtu usingizi.

WATU TUNAOLALA KATI YAO

Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake hulala fofofo katikati ya soko lenye makelele. Ni kwa nini? Kwa sababu ajua yupo mahali salama. Mtu mzima naye, ijapokuwa hasemi, hulala vizuri akijua kwamba yuko salama.

Wahadza, ambao ni wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi katika Tanzania ya kaskazini, wametufundisha habari ya jambo hili. Wachunguzi waliwavisha watu wazima 33 chombo kidogo cha kupimia mwendo wa mwili, kwa muda wa siku 20. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Katika siku hizo zote ilikuwa dakika 18 tu ambazo watu wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Wakati mwingine wote alikuwako mtu aliye macho, au aliyelala usingizi mwepesi. Hakuna aliyepanga zamu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliamka mapema, na hivyo kambi nzima ililindwa. Basi mzee aamkaye saa tisa za usiku asidhani kuwa ni mgonjwa kwa sababu hiyo tu. Huenda hiyo ni desturi ya kale ya wanadamu. Tena Wahadza hao, ambao hutembea na kufanya kazi za mwili kila siku, wamepimwa nao wameonekana kuwa na ugonjwa wa presha kwa nadra sana.

Kinyume cha salama ni hofu, na watu wa Nyeri wanaijua. Kuanzia mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu kutoka mashamba yao, ikawaweka katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungushiwa mahandaki na miiba. Nyumba zilibanana, watu walikatazwa kutoka usiku, na kishindo cha buti mlangoni kiliweza kuwa na maana mbaya. Wazee waliokuwa watoto wakati ule wangali wako katika vilima hivi. Katika nchi nyingine, uchunguzi wa askari waliorudi kutoka vitani umeonyesha ya kwamba watu waliopatwa na mishtuko mikubwa hulala vibaya kwa miaka mingi, nao huugua moyo zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo mzee ashtukaye usingizini kwa sauti ndogo asichekwe. Yafaa asikilizwe, na daktari aambiwe.

Hofu za leo ni za namna nyingine. Karo ya shule, malipo ya kahawa yaliyochelewa, deni, na ugomvi wa mpaka wa shamba, hayo yote hulala kitandani pamoja na mwenye nyumba. Wengine hutafuta usingizi katika chupa. Pombe humlaza mtu upesi, hiyo ni kweli, lakini baada ya saa chache usingizi huvunjika vipande vipande, mapigo huenda mbio, na kukoroma huzidi. Na upweke nao ni mzigo. Mama mjane ambaye watoto wake wote wako Nairobi, alalaye peke yake akisikiliza kila mchakacho wa nje, moyo wake haupumziki sawasawa. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa watu wapweke hupatwa na ugonjwa wa moyo na kiharusi zaidi ya wenye watu wa kuzungumza nao.

MAMBO YATUPASAYO

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya ndiyo mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, wekeni saa ya kulala. Mama ambaye lazima aamke saa kumi alfajiri kukamua ng'ombe, ili maziwa yawahi kukusanywa, atapata saa saba za usingizi ikiwa amelala saa tatu usiku. Hawezi kulala saa hiyo kama kazi zote za jioni ni zake peke yake. Baba na watoto wakiosha vyombo na kuwafungia mifugo, wanalinda moyo wake kwa hakika kama dawa.

Pili, toeni moshi nje. Mwenye uwezo na ajenge jiko lenye dohani. Asiye na uwezo na atumie kuni zilizokauka vizuri, afungue dirisha wakati wa kupika, na atenge jiko na chumba cha kulala. Jiko la makaa lisilale ndani kamwe.

Tatu, punguzeni chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Ndizi, nduma, maharagwe na mboga za majani, ambazo hustawi sana Mukurweini, zina ile potasiamu iliyowapungukia wahamiaji wa Nairobi. Lakini mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Nne, mtazameni akoromaye. Mtu ambaye hukoroma kwa nguvu, kisha pumzi yake ikakatika kitambo, kisha akashtuka kama aliyekuwa akizama majini, ana ugonjwa unaopandisha presha kila usiku. Yeye mwenyewe hajui. Mwenziwe wa chumbani ndiye ajuaye. Na amshauri aende hospitali.

Tano, mpimwe. Kipimo cha 140 juu ya 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kukutwa vivyo hivyo, ni presha ya juu. Kupima huchukua dakika chache, nako hufanywa katika hospitali ya Mukurweini na katika zahanati. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa vijijini nao wamepewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha. Mwenye kupewa dawa asiache kuzimeza kwa sababu tu hasikii maumivu.

Sita, tembeleaneni. Jirani ambaye hupitia kwa mjane jioni, akamjulia hali na kuhakikisha mlango wake una komeo imara, amefanya kazi ya afya. Mwana aliye Nairobi ambaye humpigia mama yake simu kabla ya saa ya kulala amefanya kazi hiyo hiyo.

Nchi yetu yapanga kwa bidii jinsi ya kuwalaza ng'ombe wa maziwa mahali pakavu, penye hewa na pasipo kelele, kwa maana kila mfugaji ajua ya kuwa ng'ombe aliyesumbuliwa usiku hutoa maziwa machache asubuhi. Mwenye zizi la namna hiyo na apitishe macho yake katika chumba chake mwenyewe jioni hii, atazame dirisha, jiko, taa na kitanda, na aanze na lile jambo moja ambalo laweza kutengenezwa kabla ya kulala.